Hifadhi Ndogo ya Mzee Masunga

Tangu nirudi Misunkumilo, kila anayenisimamisha njiani ana swali lile lile: "Sadoki, umekaa na simu mpya kuliko zote mkoa huu, umepita katikati ya twiga na viboko, halafu huna hata picha moja?" Sina. Na maelezo yake ni marefu, hayasemeki mtu akiwa amesimama na jembe begani. Kwa hiyo nimekaa na daftari. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuandika sikuacha. Someni, mpeane, halafu mniache nipumue.

Mjue kwanza kilichotakiwa. Mzee Masunga ni mfugaji wa Kisukuma, kaya yake iko kwenye mbuga za malisho nje ya Majimoto. Tulijuana msimu wa mavuno, nilipokwenda kumvunia mpunga. Kisimu chake cha tochi kilitumbukia jarubani, nikakifukia kwenye mchele siku mbili, kikaita. Tangu hapo ananiita fundi. Sasa binti yake Minza alikuwa anaolewa Jumamosi. Huyo Minza alilelewa na bibi yake, Bibi Kabula, mama mzazi wa Mzee, kule Misungwi, na bibi amevunjika nyonga, safari hawezi tena. Dada yake Minza alipoolewa, walimwahidi bibi kumrekodia sherehe nzima. Simu ikazima kabla bibi harusi hajatoka ndani. Bibi akaletewa video, akaitazama mpaka mwisho, akasema, "Nimeona masufuria. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Maneno hayo yalimkaa Mzee kifuani miaka. Safari hii alitaka simu kubwa, mpya, isiyozimika. Kazi ya kuichagua Mpanda na kuifikisha ilikuwa yangu.

Dukani Mpanda

Dada wa dukani aliitwa Neema. Alitoa simu mbili, toleo moja jipya kabisa, akazilaza juu ya kitambaa kama anatuonyesha watoto mapacha.

"Huyu mnene ana betri kubwa, hifadhi ndogo," akasema. "Huyu mwembamba ana hifadhi kubwa, betri ndogo."

"Hifadhi ndiyo nini?"

"Memori, kaka. Siku hizi inaitwa hifadhi. Hata yenyewe imejiandika humo ndani."

Nililipenda neno hilo papo hapo. Mnanijua nikipata neno jipya, lazima nilitumie kabla halijapoa.

Yule mwembamba, jamani! Unamshika mkononi unaogopa kupumua. Angeweza kubeba harusi kumi. Lakini Neema alisema ukimrekodia mfululizo anaomba chaja kabla ya mchana, na kwa Mzee kuna kipande kimoja cha sola, kinawasha taa na kuchaji kisimu cha tochi. Yule mnene angekwenda asubuhi hadi jioni bila kutetereka, ila nafasi yake ilikuwa ya kubana. Nilizunguka na hizo simu mbili, moja kila mkono, mpaka Neema akaniuliza kama nazipima kilo. Mwishoni nikaona mwenye harusi aamue. Nikapiga.

"Mzee, mwangaluka!"

"Mwangaluka, fundi. Umeipata?"

"Ziko mbili, mzee. Moja ina hifadhi kubwa..."

"Ina nini?"

"Hifadhi! Kubwa sana! Hutaimaliza!"

Nikadhani mtandao umekata.

"Sadoki," akasema polepole, "mimi nimekutuma simu. Hifadhi inaingiaje hapo?"

"Zote zina hifadhi, mzee. Ila hii ndiyo yenye kubwa."

"Sitaki! Tena sitaki kabisa! Leta yenye ndogo. Na kama iko isiyokuwa na hifadhi hata kidogo, leta hiyo!"

Mtandao ndipo ukakata kweli. Neema alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. "Mteja ameamua," akasema, na akamfunga yule mnene kwenye boksi. Nilitoka nikijiuliza mzee huyu amejifunzia wapi mambo ya simu, mpaka ana msimamo mkali kiasi hicho.

Mpanda hadi Sitalike

Mama alinifungia ugali wa muhogo na maharage kwenye majani ya mgomba, akasema, "Mwananje, usile njiani vitu vya watu," halafu akaniongezea karanga za kuwapa watu njiani. Hapo ndipo mnapoona nilikotoa akili zangu.

Nilipata nafasi kwenye fuso lililokuwa likienda Majimoto kuchukua mpunga. Dereva aliitwa Athumani, mtu mrefu aliyeendesha amekunja shingo kama anachungulia dirisha la jirani. Pembeni alikaa Mama Kashinde wa Kibaoni, mfanyabiashara wa mchele, na mimi katikati na boksi mapajani.

Nilijizuia kulifungua kwa muda wa karanga tano hivi.

"Ni ya nani?" Mama Kashinde akauliza.

"Ya Mzee mmoja. Mimi naijaribu tu isije ikawa na ubovu."

"Ijaribu taratibu," akasema, na kujiweka sawa kitambaa kichwani ili apigwe picha.

Niliwaelezea shauri lote la betri na nafasi, kwa sababu lilikuwa bado linanichemka. Mama Kashinde alikuwa upande wa nafasi. "Nguvu za kubeba bila gunia la kutilia, utabeba nini? Utabeba mikono?"

Athumani akacheka. "Mama, wewe hujui gari. Betri ni tanki la dizeli. Nafasi ni bodi. Sadoki amenunua kigari cha kirikuu chenye tanki la fuso."

"Kwa hiyo nimekosea?"

"Nani kasema? Kirikuu chenye dizeli nyingi kinapakia kidogo, kinapeleka, kinashusha, kinarudi. Wewe tu uwe na miguu."

Nilicheka, nikarekodi kicheko chake. Sitalike tukasimama darajani, nikarekodi viboko wamelala matopeni, wamepangana kama magunia stoo. Nilikuwa nimegundua sehemu ya kuongeza ukali wa picha, nikaipandisha mpaka mwisho. Ukimvuta kiboko karibu unamwona inzi kwenye sikio lake! Nilipiga kelele za furaha hadi kiboko mmoja akafungua jicho.

Ndani ya hifadhi

Tairi la nyuma lilipasuka katikati kabisa ya hifadhi ya Katavi, mahali ambapo hata Athumani, anayepita hapo kila wiki, alizima redio kwanza kabla ya kusema neno.

"Mimi nabadili tairi," akasema. "Sadoki, panda juu ya bodi uangalie wanyama. Ukiona kitu, usipige kelele. Gonga bati."

Sasa mimi nilikuwa nimevaa shati langu la bluu lile mnalolisifu. Mbung'o wa Katavi wanaipenda bluu kuliko nyie. Walinijia kama wanagawiwa kitu. Nikawa napiga bega, narekodi twiga, napiga shingo, narekodi twiga mwingine. Twiga walikuwa saba, wakanitazama kwa upole ule wa mtu anayesubiri umalize kuongea upuuzi. Nikaona jiwe jeusi kwenye majani. Nikalivuta kwa simu. Jiwe likanitazama.

Niligonga bati. Athumani aliingia kwenye kabini kwa mlango wa Mama Kashinde, akampita juu ya mapaja yake na jeki mkononi.

"Mbogo?" akauliza kwa kunong'ona.

"Mbogo. Yuko mbali, nimemvuta tu."

"Umemvuta vipi?"

"Kwa simu."

Alivyonijibu sitaandika, kwa sababu mama atalisoma daftari hili.

Tulikaa pale kwa muda wa saa mbili, na simu ikirekodi mara kwa mara. Nikarudi kabini, nimevimba uso, nina furaha isiyo na kipimo. Chaji ilikuwa bado zaidi ya nusu! Nilikuwa namwonyesha Mama Kashinde, ndipo maandishi yakatokea kwenye kioo. Akayasoma kwa sauti: "Nafasi ya hifadhi inakaribia kujaa." Akatazama nje, pori tupu kulia na kushoto. "Imejaa? Hii? Nani kaihesabu?"

"Basi wanakuja wengi zaidi," Athumani akasema, na kukanyaga mafuta.

Mimi sikucheka. Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Masunga. Miaka ya nyuma ng'ombe wake walivuka mpaka wakaingia hifadhini, akakaa siku tatu akijieleza na kuwatafuta kwa miguu. Kwake neno hilo lina maana moja tu, ndiyo hii tuliyokuwa tunaipita, yenye twiga na mbung'o na askari. Nilimpigia mzee wa watu simu nikamwambia nataka kumletea hifadhi, tena kubwa, hataimaliza!

Na yeye akachagua simu kwa hofu hiyo, siyo kwa harusi ya Minza. Nilimsimulia Athumani. Alisimamisha gari ili acheke vizuri.

Kibaoni

Tulilala kwa Mama Kashinde, mimi juu ya magunia, simu kwenye chaja. Alitupikia wali na samaki, wali wenye harufu ambayo mpaka leo nikifumba macho naipata. Tukiwa tunakula niliuliza nifanye nini, nirudi Mpanda kubadilisha?

"Leo Alhamisi," akasema. "Utakwenda, utarudi, utakuta Minza ana watoto. Kula."

Nikala.

Majimoto hadi kwa Mzee

Ijumaa asubuhi fuso likanishusha Majimoto, sokoni kukiwa kumechangamka, bodaboda zinapiga honi kama harusi imeanzia huko. Nikachukua boda hadi mbugani. Nilimkuta Mzee Masunga zizini, fimbo begani, kofia yake ya sufu kichwani juani vile vile.

"Hifadhi je?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Ndogo, mzee."

"Wabeja sana," akashukuru, na kunishika mkono kwa mikono miwili. "Nilikuwa silali."

Ikabidi niseme. Nikamwelezea taratibu kwamba kwenye simu hifadhi siyo ya wanyama, ni mahali pa kuwekea picha na video. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukibadilika.

"Mahali pa kuwekea?"

"Ndiyo, mzee."

"Yaani kihenge, kama cha mpunga?"

"Kihenge hasa."

"Sasa kwa nini wasiseme kihenge?" Alipiga fimbo chini. "Yaani mimi, Masunga, mtu mzima, nimeulizwa kihenge kikubwa au kidogo, nikasema kidogo? Nikasema hata kisiwepo?" Akaenda akakaa kwenye gogo. Akasema taratibu, "Mama yangu ataona masufuria tena."

Kumwona vile kuliniuma, nikamwambia yatatosha, tutarekodi kwa kubana. Ili kumchangamsha nikamfundisha kurekodi. Bonyeza hapa, mduara mwekundu, basi. Akamrekodi dume lake jeusi, jina lake Mwenyekiti. Akaangalia. Akamwona Mwenyekiti anatafuna ndani ya mkono wake, na kila unywele unaonekana. Mzee alicheka kwa sauti ya juu, sauti ambayo mkewe alisema hajaisikia tangu wahamie. Nikamwachia simu nikaenda kula michembe ya viazi na maziwa mgando jikoni, nikiwa najiona nimefanya kazi njema.

Siku ya Minza

Jumamosi jua lilipochomoza nilichukua simu nijiandae. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mapya. Nafasi ya hifadhi imejaa. Nikafungua. Ng'ombe. Ng'ombe mmoja mmoja, kila mmoja na video yake, mbele, ubavu, nyuma, kwa ule ukali wa juu kabisa niliouacha mimi. Ijumaa yote alikuwa anarekodi zizi zima.

Nilitoka nikikimbia. "Mzee! Mzee! Ng'ombe zako zimejaa hifadhi!"

Nawaapia sikuwaza. Mzee Masunga alikuwa anavaa shati jipya. Aliacha mkono mmoja nje, akashika fimbo, akaanza kukimbia kuelekea upande wa hifadhi ya wanyama. "Zimeingia saa ngapi? Nani alikuwa machungani?" Wageni wawili wakamfuata bila kuuliza, mmoja ana kipande cha kiazi mdomoni. Nilimkamata karibu na mto.

"Kwenye simu, mzee! Kwenye kihenge!"

Alisimama, akihema. Kisha akakaa chini akacheka na mimi nikacheka, na wale wageni wakacheka bila kujua, na kile kiazi kikaenda njia isiyo yake.

Lakini tulipotulia, tatizo lilikuwa pale pale. "Tufute baadhi," nikasema.

"Ufute ng'ombe?" Alinitazama kama nimemwambia tuchinje wote. "Futa vya kwako."

Vya kwangu. Twiga saba, mbogo aliyekuwa jiwe, inzi kwenye sikio la kiboko. Nilifuta kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayevua nguo kwenye baridi. Ndiyo hapo zilipokwenda picha mnazoniuliza. Ikapatikana nafasi, lakini siyo ya siku nzima. Ilikuwa ya vipande vichache.

Ndipo nikamkumbuka Athumani. Kirikuu chenye tanki la fuso kinapakia, kinapeleka, kinashusha, kinarudi. Chaji nilikuwa nayo ya kutosha kutembea siku nzima. Kilichohitajika ni miguu, na mtandao. Pale kwa Mzee mtandao unapatikana sehemu moja, juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya zizi. Nikapunguza ukali wa picha, nikapanga: rekodi dakika mbili, kimbia kichuguuni, mtumie bibi, ikifika futa, rudi.

Kule Misungwi mkwe wa Bibi Kabula, Mama Doto, alikuwa na simu, akakaa naye kitandani. Nilirekodi ngoma, nikapanda kichuguu. Nikarekodi wakwe wanavyopokelewa, nikapanda kichuguu. Safari ya tatu nikakuta bibi amejibu kwa sauti: "Mpiga picha, huyo mwanamke wa kitenge cha kijani ni nani, mbona amekaa mahali pa shangazi?" Nikakimbia kumpelekea Mzee. Mwanamke wa kijani akahamishwa! Safari ya nne: "Wakwe hawajapewa maji ya kunawa. Nimewaona mikono." Wakapewa. Kufikia saa saba harusi nzima ilikuwa inasimama kila niliporudi kutoka kichuguuni. "Amesemaje? Bibi amesemaje?" Nilikuwa nimeloa jasho, nimechanika suruali, na sijawahi kufurahi hivyo maishani mwangu.

Halafu saa tisa mtandao ukaondoka. Vipande vinne vilikuwa havijafika, na mlango wa nyumba ulikuwa unafunguliwa. Minza alikuwa anatoka. Nikabonyeza. Imejaa.

Mzee alikuwa pembeni yangu. Aliona uso wangu, akaona na kioo. Vigelegele vilikuwa vimeanza.

"Futa," akasema.

"Nifute kipi, mzee? Hivi bibi hajaviona."

Alitazama upande wa zizi. "Futa Mwenyekiti."

"Mzee..."

"Futa Mwenyekiti, ng'wanawane. Mama anasubiri mtoto, hasubiri dume."

Nikamfuta Mwenyekiti, mbele, ubavu na nyuma. Na Minza akatoka ndani ya mduara mwekundu, amefunikwa kanga usoni, anatembea polepole na mawifi zake. Nilirekodi mpaka alipofunuliwa. Nikakimbia kichuguuni, na umati wote ukanifuata, bibi harusi naye, wakasimama chini wakiwa wananitazama nimenyoosha mkono juu kuutafuta mtandao. Ukarudi, mstari mmoja. Video ikaenda. Tukasubiri. Sijawahi kuona Wasukuma wengi hivyo wakiwa kimya.

Sauti ikaja: "Anionyeshe mkono wa kushoto."

Minza akapanda kichuguu mwenyewe na gauni lake. Ana kovu hapo, aliungua utotoni kwenye mafiga ya bibi. Nikarekodi mkono, nikautuma. Sauti ikaja tena, nikaipandisha mpaka mwisho ili wasikie wote. Bibi alianza kwa Kisukuma, akalia kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu: "Ni yeye. Nimemwona. Sasa mchukueni, na mumlishe, yule hali asubuhi mpaka umbembeleze." Minza akakaa pale pale juu ya kichuguu akalia na kucheka. Vigelegele vilivyopigwa, ng'ombe walivunja boma.

Kurudi

Jumapili nilimkuta Mzee zizini na simu, akimbembeleza Mwenyekiti ageuke. "Tulia. Tazama huku. Jana ulitoa nafasi yako, leo rudi."

Nilimuaga, nikamuuliza kama nimwonyeshe namna ya kuangalia nafasi iliyobaki.

"Mimi najua," akasema. "Hifadhi yangu ndogo, na ng'ombe wangu wote wamo ndani. Aje mtu awatoe."